Mshairi, mwandishi wa watoto, mtafsiri: kwani lazima uchague? Jibu kwa mdogo wangu wa Morogoro

Mdogo wangu, swali lako nimelisoma mara mbili, mara ya kwanza niko kwenye daladala nikacheka, mara ya pili nimefika nyumbani nikaona hapana, hili sio la kucheka. Umesema una mashairi kama sitini kwenye daftari, una stori mbili za watoto, moja ni ya bibi yako na vitumbua vyake, na riziki yenyewe unaitoa kwenye kutafsiri makaratasi ya watu. Halafu kaka yako kakwambia mshika mbili moja humponyoka na wewe dada umeshika tatu. Sasa umemuona huyu Jasminne Mendez wa Houston kule Texas, wamemtaja kama mshairi wa Kiafro-Latina, mwandishi wa watoto na mtafsiri, unauliza yeye kaweza vipi, na wewe uache kipi ubaki na kipi.

Jibu fupi ni usiache. Ila ukiishia hapo utaenda kumjibu kaka yako vibaya, kwa sababu kaka yako hajakosea sana, watu wengi walioshika tatu kweli zimewaponyoka zote tatu, nawajua, mmoja nilikuwa mimi. Kwa hiyo ngoja nikueleze huyu mama kazi yake ilivyokwenda kisha utaona kwanini kwake haikuponyoka.

Tuanze na hilo neno maana umeniuliza pembeni kama ni kabila. Sio kabila. Afro-Latina ni mwanamke mweusi ambaye kwao ni zile nchi za Marekani zinazoongea Kihispania au Kireno. Wengi wetu tukisikia Latina tunawaza yule dada wa tamthilia za Kimeksiko, nywele hadi kiunoni, analia kwenye ngazi. Lakini kisiwa wanachotoka wazazi wa Mendez, Hispaniola, ndicho kisiwa cha mwanzo kabisa kupelekewa Waafrika watumwa katika zile nchi, tunaongelea mwanzoni mwa miaka ya 1500, kabla Mreno hajapiga kambi vizuri hapa Kilwa. Upande wa magharibi wa kisiwa ni Haiti wanaongea Kikrioli na Kifaransa, upande wa mashariki ni Jamhuri ya Dominika wanaongea Kihispania, na watu wa pande zote mbili ukiwapandisha basi la Msamvu hakuna atakayegeuka kuwaangalia mara mbili.

Sasa sikia hii. Kwenye kitabu chake cha kumbukumbu alichowaandikia vijana, Islands Apart, kilichotoka 2022, anaeleza alivyoanza chekechea huko Louisiana, kusini kabisa mwa Marekani. Hajui Kiingereza hata kidogo, nyumbani ni Kihispania tu. Mwalimu, binti mdogo wa Kizungu, anamuongelesha mtoto, mtoto anamtolea macho. Mwalimu akahitimisha huyu mtoto ni kiziwi. Yaani haikumpitia kichwani kabisa kwamba mtoto mweusi anaweza kuwa na lugha nyingine kichwani, maana pale Louisiana ulikuwa mweusi au mweupe basi, na mweusi anaongea Kiingereza, asiposikia Kiingereza basi masikio ndiyo mabovu.

Mimi hapo ndipo naanzia kuhesabu kazi yake ya kutafsiri, siku ile alipoitwa kiziwi na masikio yake mazima, cheti na mkataba vilikuja baadaye. Mtoto wa namna ile anajifunza mapema sana kwamba lugha ni mlango na kuna mtu amesimama mlangoni, na yeye mwenyewe anasema aliona kusoma na kuandika Kiingereza vizuri ndiyo njia ya kukubalika. Halafu ukishakubalika unageuka nyuma unakuta nyumbani kumekuwa mbali. Ndiyo maana kitabu kinaitwa visiwa vilivyoachana, yeye kisiwa, wazazi kisiwa, na maji yanazidi kuongezeka katikati.

Ukiweka vitabu vyake kwa mfuatano unaona kitu ambacho kaka yako hajakiona. 2013 katoa Island of Dreams, ni mchanganyiko wa mashairi na habari za maisha yake, kitabu cha shirika dogo la uchapishaji. 2018 kikaja Night-Blooming Jasmin(n)e, esei na mashairi. Kisha angalia mwaka 2021, ghafla kuna kitabu cha picha cha watoto wadogo na kuna tafsiri, vyote mwaka mmoja. 2022 kuna Islands Apart na kuna City Without Altar ambacho ni mchezo wa kuigiza ulioandikwa kwa mashairi. 2023 riwaya ya watoto iliyoandikwa yote kwa mashairi, Aniana del Mar Jumps In. Ukimuona leo unadhani alikurupuka akashika vyote, lakini kutoka kitabu cha kwanza hadi tafsiri ni miaka minane, na hiyo minane alikuwa anachimba shimo moja tu: mwili wake, familia yake, lugha zake mbili. Alipofika majini ndiyo akaanza kuchota kwa vyombo tofauti.

Nimesema mwili, nirudi hapo kidogo. Akiwa bado binti wa miaka ishirini na kitu aligundulika ana skleroderma, ugonjwa ambao kinga ya mwili inageuka kupiga mwili wenyewe na ngozi inakakamaa, baadaye ikaongezeka lupasi, ugonjwa mwingine wa namna hiyohiyo. Ameandika waziwazi, sio siri ninayoimwaga hapa. Hicho kitabu cha 2018 jina lake ni mchezo wa maneno, jina lake mwenyewe Jasminne lina n mbili, na ua linaloitwa hivyo kwa Kiingereza lina n moja, basi akaiweka ile n ya pili kwenye mabano katikati ya jina la ua. Jaribu kulitafsiri uone. Sisi bahati nzuri tuna asumini na tuna jina Yasmini, maneno ndugu, yote yametoka kwa Waajemi yakapita kwa Waarabu, kwa hiyo Asumini ya Usiku inakuja vizuri tu mdomoni, ila ile n ya mabano inakufa. Ndiyo hasara za kila siku kwenye hii kazi, unaokoa harufu unapoteza herufi.

Na huyo Aniana wa kwenye riwaya ni binti wa miaka 12 anayeishi Galveston, kisiwa cha pwani ya Texas, anapenda kuogelea kupita kitu chochote, lakini mama yake anayaogopa maji kwa sababu ya msiba uliowahi kuikuta familia, kwa hiyo anaogelea kwa siri, baba anajua mama hajui. Halafu viungo vinaanza kuuma na kuvimba, hospitali wanasema ni baridi yabisi ya watoto. Sasa hapo siri inakuwa kubwa kuliko nyumba maana maji ndiyo dawa na maji ndiyo yaliyokatazwa. Unaona alichofanya? Maumivu yaleyale aliyoyaandikia watu wazima kwa esei, kayapeleka kwa mtoto wa miaka 12, na chombo cha kubebea ni ushairi uleule.

Usishangae riwaya nzima kuwa mashairi, sisi ndio wa mwisho kushangaa. Tenzi zetu zinasimulia vita, safari, ndoa na mausia, beti mia na zaidi. Mwana Kupona karibu mwaka 1858 alimwandikia binti yake utenzi mzima akiwa mgonjwa kitandani, anamwita asogee na wino na karatasi ana maneno ya kumwambia. Mwanamke mgonjwa, mshairi, anaandika kwa ajili ya mtoto. Simaanishi Mendez amemsoma Mwana Kupona, sidhani kabisa, nasema wewe umemsoma shuleni na bado unaniuliza kama mashairi na watoto vinaendana.

Haya tuje kwenye kile kitabu kichungu, maana hicho ndicho kinachoshika vyote. City Without Altar ni habari ya mauaji ya Oktoba 1937. Dikteta wa Dominika wakati ule, Rafael Trujillo, alitoa amri Wahaiti waishio mpakani kaskazini magharibi wauawe, na watu wake wakaua, kwa siku chache tu, wengi kwa panga. Kwa panga makusudi, ili ionekane ni wakulima wamechoka na wezi wa mifugo wala sio jeshi. Makadirio yanaanzia maelfu kadhaa mpaka zaidi ya 20,000. Wadominika wenyewe huyaita el corte, ukataji, kama vile mtu anavyosema amekwenda kukata miwa. Serikali ya Haiti ikakubali fidia ya dola 750,000, zikaja kulipwa 525,000. Na huyo Trujillo bibi yake mzaa mama alikuwa na damu ya Haiti, na yeye alikuwa anajipaka poda usoni awe mweupe. Mambo ya ajabu bana.

Lakini sehemu inayotuhusu sisi watu wa lugha ni hii. Inasimuliwa kwamba askari alikuwa anashika kitawi cha pasli, yale majani yanayofanana na giligilani, anamuuliza mtu mweusi aliyemkamata, hii inaitwaje? Kwa Kihispania ni perejil. Ile r katikati inatakiwa ipigwe kwa ncha ya ulimi, na ile j ni kama kh ya kheri. Mtu aliyelelewa kwa Kikrioli cha Haiti r yake inatoka kooni. Ukiitamka kwa koo umekwisha. Wapo wanahistoria wanaosema hili la majani limekuzwa, kwamba wengi waliuawa bila kuulizwa chochote, na mimi naona inawezekana kweli, muuaji hana muda wa mtihani wa lugha. Ila stori imebaki, na imebaki kwa sababu kila mtu mwenye lafudhi anaielewa bila kuelezwa. Hebu fikiria hapa kwetu, mtu anayesema kula badala ya kura, tunamcheka tu anatucheka na sisi tunaendelea kunywa chai. Sasa fikiria ile l na r ndiyo ya kuamua ulale hai au la.

Mtoto aliyeitwa kiziwi kwa sababu ya lugha amekuwa mtu mzima akaenda kuandika mchezo kuhusu watu waliouawa kwa sababu ya herufi moja. Tena anatoka upande wa wauaji, sio upande wa waliouawa, hapo panahitaji moyo, maana kwao kuongelea weusi wa Mdominika mpaka leo ni kuchokoza nyuki. Miaka mingi vitambulisho vya kule vilikuwa vinaandika rangi ya mtu mweusi wa kawaida kuwa "indio", yaani Mhindi mwekundu, chochote kile ila sio mweusi. Na mwaka 2013 mahakama yao ya katiba ikatoa hukumu iliyowavua uraia watu wenye asili ya Haiti waliozaliwa palepale, ikarudi nyuma hadi waliozaliwa 1929. Na mwandishi kwenye Islands Apart hafichi kwamba ubaguzi dhidi ya weusi ulikuwepo ndani ya familia yake mwenyewe, sebuleni.

Sasa tafsiri. Mwaka 2021, tarehe 20 Januari, yule binti Amanda Gorman, mshairi mweusi wa Marekani, alisoma shairi Rais Biden akiapishwa, ana miaka 22, dunia nzima ikaamka. Wachapishaji wakakimbilia haki za kutafsiri. Uholanzi wakampa kazi Marieke Lucas Rijneveld, mwandishi mkubwa tu, Mzungu, maneno yakawa mengi kwamba kwanini hawakumpa mtu mweusi, akajitoa. Barcelona wakamtoa Víctor Obiols ambaye alikuwa ameshatafsiri kwa Kikatalani, ameshamaliza, akalalamika kwamba kwa mtindo huo basi hata Homer hawezi kumtafsiri maana yeye si Mgiriki wa karne ya nane kabla ya Kristo. Ugomvi ukazagaa mpaka kwetu sisi tusiokuwa na hisa.

Mimi msimamo wangu ni huu na unaweza kunipinga. Ngozi sio kamusi, mtu mweusi asiyejua kazi atakuharibia kitabu sawasawa na mweupe asiyejua kazi. Lakini pia wale waliosema "sanaa haina rangi" walikuwa wanajifanya hawaoni kwamba wachapishaji miaka yote hawamkumbuki mtafsiri mweusi, wakimkumbuka ni kwa kitabu cha mweusi tu, hamna siku watampigia kwa ajili ya riwaya ya kipelelezi ya Norwei. Hilo ndilo tatizo na halikutibiwa kwa kumtoa mzee wa Barcelona.

Mwaka huohuo Gorman akatoa kitabu cha picha cha watoto, Change Sings, na toleo la Kihispania, La canción del cambio, likatafsiriwa na huyuhuyu Mendez. Hapo hakuna aliyepiga kelele, na sio kwa sababu ya rangi peke yake. Ni mshairi anatafsiri mshairi, ni mwandishi wa watoto anatafsiri kitabu cha watoto, ni mtu wa lugha mbili tangu chekechea. Ndiyo maana nakwambia zile kazi tatu ukizishika sawasawa moja inaisukuma nyingine, huyo dada asingekuwa mshairi asingeitwa kutafsiri kile kitabu.

Ngoja nikuonyeshe kwa karibu ugumu wake ulivyo, chukua hilo jina tu. Kiingereza ni silabi mbili, kishindo kishindo, kama mtu anapiga ngoma mara mbili. Na lile neno la kwanza kwa Kiingereza ni kitendo na ni jina kwa wakati mmoja, na pia ni chenji mfukoni. Kihispania kimeenda silabi sita na kitenzi kimekufa, hakiimbi tena, kimekuwa "wimbo wa mabadiliko". Je, kakosea? Hapana, mimi ningefanya vilevile, maana mtoto wa Kihispania akiambiwa canción anajua kabisa leo tunaimba. Haya lete kwetu. Mabadiliko peke yake yana silabi tano, neno refu kama treni ya mizigo, linanuka hotuba na semina elekezi. Ukisema Mabadiliko Yanaimba unapata tisa, imezidi moja. Ukisema Mabadiliko Huimba, hesabu kwa vidole: ma-ba-di-li-ko-hu-i-mba. Mizani nane! Kipande kamili cha shairi, kitenzi kipo hai, na hu- inampa mtoto hisia kwamba hii ni tabia ya mabadiliko siku zote wala sio tukio la leo. Sasa mtafsiri ambaye hajawahi kuandika shairi hata moja angekuletea Wimbo wa Mabadiliko, nayo ni nane ila kitenzi kimekufa, akalala zake. Nyerere alipotafsiri Juliasi Kaizari alikuwa anatunga mashairi, Shaaban Robert alipoleta rubai za Omar Khayyam kwa Kiswahili alikuwa ndiye Shaaban Robert. Hao nao kaka yako angewaambia zitawaponyoka?

Sasa kile kitabu cha picha, ambacho mimi nakipenda kuliko vyote, na kinahusu vitumbua vyako moja kwa moja. Kinaitwa Josefina's Habichuelas, kina lugha mbili ndani, kimetolewa na Piñata Books ambao ni tawi la watoto la Arte Público, shirika lililoanzishwa 1979 na lipo ndani ya University of Houston. Stori nyepesi: Kwaresma imefika, Josefina ameacha pipi mpaka Pasaka, anaumia, basi anajifunza kwa bibi kupika habichuelas con dulce ili Pasaka ikifika awe na kitu. Hicho chakula ni maharage mekundu yaliyochemshwa yakapondwa yakachujwa, unatia tui la nazi, maziwa, sukari, mdalasini, karafuu, zabibu kavu na vipande vya viazi vitamu, juu yake biskuti. Mtu wa Tanga ukimpa bakuli hilo ataona mtu kachanganya maharage ya nazi na uji wa futari, ila atamaliza.

Angalia neno lenyewe habichuelas. Mmeksiko haiti maharage hivyo, anasema frijoles, na Houston ukitaja watu wa Kihispania wengi ni wa asili ya Meksiko. Mkyuba ukimwambia habichuelas anaelewa maharage mabichi ya kijani, yale marefu. Kwa hiyo mwandishi angetaka soko kubwa angeandika frijoles. Hakuandika. Kaacha neno la jikoni kwa bibi, na kaliweka kwenye jalada. Hii ndiyo sisi tunabishana kila siku, Kenya maharagwe, bara maharage, Kongo maharagi, mhariri anataka "sanifu" na mtoto anataka neno la mama yake.

Na kwenye hilo bakuli kuna kitu kimoja kilinifurahisha siku nilipokigundua mpaka nikamwambia mke wangu akaniangalia tu. Vile viazi vitamu kule wanaviita batata. Neno hilo ni la Wataino, wenyeji wa visiwa vile kabla ya Columbus. Wahispania na Wareno wakalibeba na melini, Wareno wakalishusha pwani yetu, leo Zanzibar kuna urojo wa mbatata. Kule batata ni kiazi kitamu huku mbatata ni kiazi cha chipsi, lakini ni neno lilelile limevuka bahari mbili. Bibi wa Josefina na bibi wa Forodhani wanatumia neno la watu ambao karibu wote waliangamizwa. Mambo kama haya huwezi kuyaona ukiwa mshairi peke yako, wala mtafsiri peke yako.

Nisisahau ya Pura Belpré. Ile riwaya ya Aniana ilipata heshima ya tuzo ya Pura Belpré, ya vitabu vya Kilatino vya watoto na vijana kule Marekani, mwaka 2024, na watu wanaitaja hiyo tuzo kama jina tu. Belpré alikuwa mtu, mwanamke mweusi wa Puerto Rico, aliajiriwa maktaba ya umma ya New York mwaka 1921, pale Harlem mtaa wa 135. Akatafuta kwenye rafu hadithi alizosimuliwa na bibi yake, hamna hata moja. Basi akaziandika. 1932 akatoa Perez and Martina, ya mende mwanamke na panya mwanaume, mende anachumbiwa na wanyama kibao anamchagua panya, halafu panya kwa uroho anatumbukia kwenye sufuria ya wali wa maziwa anakufa, ndiyo hivyo imeisha, hadithi za zamani hazikuwa na huruma na watoto. Huyo mama alisimulia kwa vikaragosi, akaandika, na akatafsiri vitabu vya watoto kwenda Kihispania. Kyuba nako kulikuwa na Excilia Saldaña, mzaliwa wa Havana 1946 akafariki 1999, mshairi, mwandishi wa watoto, mtafsiri, mwanamke mweusi, na kitabu chake La Noche bibi na mjukuu wanaongea usiku. Unaona hawa wote watatu wana bibi? Sio bahati mbaya. Bibi ndiye aliyebaki na lugha wakati vitabu havikuwa na nafasi yake.

Haya, pesa, maana najua ulitaka niifikie mapema. Mashairi hayalipi, wala Houston hayalipi, vitabu vyake vya mashairi vimetoka kwa mashirika madogo, na yeye na mumewe Lupe Mendez, ambaye naye ni mshairi, wakaanzisha Tintero Projects ili waandishi wa Kilatino wa pande zile wapate pa kusomea. Tintero ni kidau cha wino, jina zuri. Riwaya ya watoto ndiyo iliyotoka kwa mchapishaji mkubwa wa New York, Dial Books. Kwa hiyo kitabu cha watoto ndicho kilichompeleka mjini, lakini kilipandia mgongoni kwa mashairi.

Kwako wewe, tafsiri ya makaratasi endelea nayo ikulipe umeme, ila jifunze mkataba. Malipo ya mara moja kwa neno au kwa ukurasa ukishapokea basi, kitabu kikiuza laki moja wewe hupati kitu. Omba asilimia hata ndogo, wakikataa omba jina lako jaladani, na hilo waandike kwenye mkataba wasikuahidi kwa mdomo. Mimi zamani nilitafsiri kitabu cha watoto kwa mchapishaji mmoja, simtaji, tuliongea kwenye simu tukaelewana vizuri kabisa, pesa yenyewe ilinifikia baada ya miezi saba. Siku moja nikakuta kitabu mkononi mwa mtoto wa shangazi yangu, anasoma sentensi zangu kwa sauti, nikapekua jalada, nikapekua ukurasa wa pili, jina langu hamna. Mtoto ananiuliza anko unatafuta nini. Nikamwambia natafuta picha.

Usimpelekee mtu yeyote zile stori mbili kwa sasa. Chukua ya vitumbua uitafsiri wewe mwenyewe, kwa Kiluguru cha bibi kama unakimudu, kama hukimudu kaa naye mfanye pamoja. Usitafute uzuri, tafuta panapogoma. Kila sentensi itakayogoma kuingia kwenye lugha ya bibi, jua ile uliiandika kwa ajili ya mwalimu wa fasihi na sio kwa ajili ya mtoto, ifute. Mashairi sitini yaache yalale, ila soma ishirini kwa sauti kabla ya kurudia stori, masikio yako yawe yamefunguka. Na ukiandika mchi, kinu, upawa, tui, acha vilivyo, usiweke maelezo pembeni kama unamwandikia mgeni wa safari, mtoto asiyejua atamuuliza mama yake na hapo ndipo kitabu kinapofanya kazi.

Nimesoma ile kurasa uliyoambatanisha. Pale bibi anapogeuza kitumbua cha kwanza, kile ambacho siku zote kinagandia kwenye kikaango, anakibandua na kijiti, hakikai sahani, anakupa wewe mlangoni cha moto unarukaruka nacho mikononi. Umepaandika kwa mistari miwili ukakimbilia mahubiri ya kusaidia wazazi. Rudi pale. Nataka kurasa mbili za hicho kitumbua kilichoharibika, unitumie kabla ya mwezi kuandama.